KUTOKA KITANDANI HADI KWENYE THELUJI: HISTORIA YA SAYATIKA NA MGUU WANGU WA KUSHOTO

Huku Worcester, Massachusetts, tunamshukuru Mungu. Baridi ni ile ile, boksi ni lile lile, na bili hazijasahau njia ya kuja mlangoni.

Leo nimekaa kuandika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ile picha niliyotuma wiki mbili zilizopita, niko juu ya theluji na ski miguuni, nacheka. Jamani, simu hazikuisha! Mama mkubwa akanipigia moja kwa moja: "We mtoto, si juzi tu ulikuwa huwezi hata kufunga kamba za viatu? Umesharudi tena kwenye mabarafu?" Shangazi yeye alituma ujumbe wa neno moja tu: "Kulikoni?"

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Kaka yetu, dereva wa Fuso, amelala kitandani wiki ya tano sasa kwa ugonjwa ule ule ulionishika mimi. Amepiga picha ya MRI, ameambiwa diski imetoka. Na kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo limeanza kuzungumzwa suala la kuuza kipande cha kihamba ili apelekwe India akapasuliwe. Kaka mwenyewe ameniruhusu niliandike hili, maana anasema watu wengi wa rika lake pale stendi wanalalamika mgongo na mguu, na kila mmoja ana ushauri wake.

Kwa kweli maswali haya mawili, la mabarafu na la kihamba, yana jibu moja. Na jibu lenyewe halitoki kichwani kwangu, liko kwenye historia ya ugonjwa huu. Mimi ni nesi, si daktari wa upasuaji, ila kitabu nimesoma na wagonjwa wa mgongo nawahudumia kila wiki. Haya, vuteni viti tuzungumze.

Kwanza tuelewane ni ugonjwa gani. Kila upande wa mwili, chini ya kiuno, neva kadhaa zinazotoka kwenye uti wa mgongo zinaungana na kuwa neva moja nene kama kidole. Hiyo inapita kwenye kalio, inashuka nyuma ya paja hadi kwenye unyayo. Ni neva nene kuliko zote mwilini. Ikibanwa au ikiwashwa pale inapoanzia mgongoni, maumivu husikiki mgongoni peke yake. Yanashuka kama umeme mpaka kwenye vidole vya mguu. Unaweza kuona ganzi, unaweza kuona mguu umekosa nguvu. Hiyo ndiyo sayatika. Nyumbani wengi huiita "mgongo" tu, au "mshipa", na wengine watakuambia umetupiwa kitu.

Hatukuwa peke yetu kubahatisha. Enzi za Hippocrates, Ugiriki ya kale, jina la ugonjwa huu lilitokana na neno la nyonga, kwa sababu waliamini tatizo liko kwenye kiungo cha nyonga. Waarabu wanauita "irq an-nasa", na matabibu wao wa zamani waliandika namna ya kuutibu kwa kuchoma ngozi na chuma cha moto. Wengine walitoa damu, wengine walipiga chuku. Karne na karne mgonjwa wa sayatika aliondoka kwa tabibu na maumivu mawili, lile alilokuja nalo na la kidonda kipya.

Mtu wa kwanza kuandika wazi kwamba huu unaweza kuwa ugonjwa wa neva yenyewe ni Domenico Cotugno, daktari wa Napoli, Italia. Mwaka 1764 alitoa kitabu kizima juu ya sayatika, akatenganisha maumivu yanayotoka kwenye kiungo cha nyonga na yale yanayofuata njia ya neva. Aliona mbali sana. Lakini swali likabaki: neva inaumwa kwa sababu gani?

Miaka zaidi ya 100 ikapita. Mwaka 1880 daktari wa Serbia, Laza Lazarević, ambaye pia alikuwa mwandishi wa hadithi, alieleza kipimo ambacho hata mimi nilifanyiwa. Unalala chali, daktari anainua mguu wako ukiwa umenyooka bila kukunja goti. Neva inavutika, na kama ina tatizo, yale maumivu ya umeme yanashuka mguuni. Mwaka uliofuata, 1881, mwanafunzi mmoja wa Paris alikieleza kipimo hicho hicho na kukipa heshima ya mwalimu wake, Charles Lasègue. Mpaka leo vitabu vingi vinakiita kwa jina la Mfaransa, Mserbia hatajwi sana. Ndiyo dunia hiyo... anayeandika kwa lugha kubwa ndiye anayesikika.

Sasa hapa ndipo theluji inapoingia, na naomba shangazi asome kwa makini.

Ski si mchezo wa juzi. Huko Norway kuna michoro ya kwenye miamba yenye maelfu ya miaka inayoonyesha watu juu ya ski. Ilikuwa njia ya usafiri, ya kwenda kuwinda, kama sisi na mitumbwi. Mtu anayetajwa kama baba wa ski ya kisasa ni Sondre Norheim, mkulima maskini wa Morgedal, mkoa wa Telemark, aliyezaliwa mwaka 1825. Yeye alisokota vijiti laini vya mti akatengeneza vifungio vinavyozunguka kisigino, ski ikamtii mguuni hata akiruka. Mwaka 1884 Norheim alihama na familia yake kuja Marekani, akafia North Dakota mwaka 1897. Kwa hiyo wadau, hata mzee mwenyewe wa ski alikuwa mbeba boksi kama sisi!

Wahamiaji kutoka Ulaya ya kaskazini walikuja na ski zao, lakini huku kwetu New England mchezo ulishika kasi miaka ya 1930. Kuanzia Januari 1931 treni za theluji zilianza kutoka Boston Jumapili, zimejaa vijana na mbao zao, kwenda kwenye vilima vya New Hampshire. Mwaka 1932 michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ikafanyika Lake Placid, New York. Mwaka 1934, huko Woodstock, Vermont, ikafungwa kamba ya kwanza Marekani ya kuwavuta watu kupanda kilima, ikizungushwa na injini ya gari la Ford Model T. Kabla ya hapo ulipanda kwa miguu yako, ndipo uteleze kushuka. Viatu vilikuwa laini, vifungio havifunguki ukianguka, na walimu walikuwa wa kuhesabu. Mnaweza kufikiria watu waliumia kiasi gani.

Mwaka 1932 mmoja wa walioumia, kijana aliyepata ajali ya ski, alifika kwa daktari wa mifupa wa Boston aitwaye Joseph Barr. Mgongo unauma, mguu unauma, mapumziko hayakusaidia. Barr akamshirikisha mkubwa wake wa upasuaji wa neva, William Jason Mixter, wa Massachusetts General Hospital. Wakamfungua mgongo wakitegemea kukuta uvimbe. Na kweli wakatoa kinyama. Zamani kinyama kama hicho kiliandikwa "uvimbe wa gegedu", faili likafungwa.

Barr hakufunga faili. Alikuwa anajua kazi ya Georg Schmorl wa Dresden, Ujerumani, aliyekuwa amechunguza maelfu ya migongo ya maiti na kueleza jinsi diski zinavyochakaa na kupasuka. Barr akajiuliza: je, hiki si uvimbe bali ni kipande cha diski? Akishirikiana na Mixter na mtaalamu wa maabara Charles Kubik, wakatoa kabatini sampuli za wagonjwa wa miaka ya nyuma zilizokuwa zimeandikwa "uvimbe", wakaziangalia upya kwa darubini. Nyingi zilikuwa diski! Agosti 1934 Mixter na Barr wakachapisha habari ya wagonjwa 19 kwenye jarida la New England Journal of Medicine. Kulikuwa na waliokaribia kabla yao. Walter Dandy wa Baltimore aliandika wagonjwa wawili mwaka 1929. Lakini makala ya 1934 ndiyo iliyobadilisha mawazo ya dunia.

Niwaeleze diski kwa lugha ya nyumbani. Kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo kuna kitu kama tairi dogo. Nje ni nyuzi ngumu, ndani ni ute mzito. Miaka inavyokwenda, kwa kuinama, kubeba, kukaa kwenye usukani masaa 10, au kwa umri tu na damu ya ukoo, nyuzi zinachanika kidogo kidogo. Siku moja ute unapenya nje na kugusa neva. Unaibana, na pia unaiwasha kwa kemikali zake. Ndiyo maana unaweza kuinua kitu chepesi tu, au kupiga chafya, ukaanguka chini. Kile kitu chepesi kimekuta kazi imeshafanyika.

Kwa hiyo mama mkubwa, dunia ilijua vizuri chanzo cha sayatika kwa msaada wa mgongo wa kijana wa ski, hapa hapa Massachusetts. Mimi nilipousoma mkasa huu nikiwa nimelala na mto chini ya magoti, nilicheka mpaka mguu ukaniuma.

Lakini kila ugunduzi una kivuli chake. Baada ya 1934 kisu kilipata kazi. Ilikuwa ni kama kila mgongo unaouma una diski, na kila diski lazima itolewe. Wengi walisaidiwa kweli, na wengi walifunguliwa bila sababu ya kutosha, wakabaki na maumivu yao pamoja na kovu. Na wale ambao hawakupelekwa kwenye kisu walipelekwa kwenye tiba ya pili ya zama zile, kitanda.

Kitanda nacho kina historia yake. Karne ya 19 Uingereza, madaktari wakubwa kama John Hilton, ambaye mihadhara yake juu ya pumziko na maumivu ilitoka kitabu mwaka 1863, na Hugh Owen Thomas wa Liverpool, walifundisha kwamba kiungo kinachouma kitulizwe. Kwa mfupa uliovunjika au kifua kikuu cha mifupa, bila dawa za leo, hiyo ilikuwa busara. Shida ilikuja busara hiyo ilipohamishiwa kwenye kila mgongo. Watu walilazwa wiki 3, wiki 6, kwenye mbao ngumu, na wengine wamefungwa uzito miguuni wa kuvuta. Wauguzi wenzangu wa zamani ndio waliowageuza, wakawaogesha, wakawawekea bakuli la choo. Misuli ikayeyuka, damu ikaganda miguuni, kibarua kikaota nyasi. Mwaka 1947 daktari wa London, Richard Asher, aliandika makala kali kwenye British Medical Journal juu ya hatari za kulala kitandani. Watu wakaisoma, wakatabasamu, wakaendelea kulaza.

Kilichovunja kitanda ni hesabu. Mwaka 1986 Richard Deyo na wenzake, Texas, walichukua wagonjwa 203 wa mgongo, wakawagawa kwa bahati nasibu. Nusu waliambiwa walale siku 2, nusu siku 7. Matokeo? Maumivu yalipungua sawasawa, ila wa siku 2 walirudi kazini mapema zaidi. Mwaka 1995 huko Helsinki, Finland, wafanyakazi wa manispaa 186 waligawanywa makundi matatu: kulala siku 2, kufanya mazoezi maalumu ya mgongo, au kuendelea na shughuli za kawaida kadiri maumivu yanavyoruhusu. Walioendelea na shughuli ndio walioshinda.

Mtasema, hao ni wa mgongo tu, je wenye maumivu ya mguu? Uholanzi wakajibu mwaka 1999. Wagonjwa 183 wa sayatika, wengine wakalazwa wiki 2 nzima, wengine wakaambiwa wawe wanaamka na kutembea. Baada ya wiki 12, asilimia 87 ya kila kundi walikuwa wamepata nafuu. Soma tena hapo, wadau. Asilimia 87 huku na asilimia 87 kule. Kitanda hakikuongeza kitu.

Na kwa nini wengi hivyo wanapona bila kisu? Hapa picha za MRI zilitufundisha mambo mawili. La kwanza, ule ute uliotoka mwili unauona kama mgeni. Askari wa damu wanaufuata, wanautafuna kidogo kidogo. Ukirudia picha baada ya miezi, mara nyingi umepungua, na vile vipande vikubwa vya kutisha ndivyo mara nyingi hupungua zaidi. La pili, mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Asilimia 52 walikutwa na diski iliyojitokeza angalau sehemu moja! Yaani ukisimamisha daladala ukawapiga wote MRI, utakuta majibu ya kutisha kwa watu wanaokwenda zao sokoni. Karatasi ya MRI peke yake si hukumu. Inasomwa pamoja na mgonjwa mwenyewe.

Na upasuaji je? Sitaki mtu aseme nimeupinga, kwa sababu una nafasi yake. Mwaka 1983 Henrik Weber wa Oslo alitoa matokeo ya wagonjwa 126 aliowafuatilia miaka 10. Mwaka wa kwanza waliopasuliwa walikuwa na hali nzuri zaidi. Mwaka wa 4 tofauti ilikuwa imepungua sana, mwaka wa 10 hakuna tofauti ya maana. Mwaka 2007 Waholanzi wakarudia kwa wagonjwa 283 wenye sayatika kali ya wiki 6 hadi 12. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi. Wengine walisubiri, na asilimia 39 ya hao waliosubiri mwishowe nao walipasuliwa. Mwisho wa mwaka, asilimia 95 ya makundi yote mawili walijiona wamepona. Kwa hiyo kisu kinanunua muda, kinafupisha mateso. Kwa aliyechoka na maumivu yasiyopungua baada ya wiki nyingi, hilo si jambo dogo. Lakini kuuza ardhi ya babu wiki ya tano, hapana jamani.

Dawa nazo niseme moja. Vile vidonge vya neva ambavyo kaka anaviulizia duka la dawa, pregabalin, vilipimwa Australia kwa wagonjwa 209 wa sayatika, majibu yakatoka 2017. Havikushinda vidonge vitupu visivyo na dawa, na kizunguzungu vilileta zaidi. Mwaka 2020 mwongozo wa Uingereza ukasema dawa za kundi hilo zisitolewe kwa sayatika. Ila aliyekwisha kuvitumia asiviache ghafla, amwone daktari apunguziwe taratibu.

Sasa na mimi. Diski yangu ni ile ya mwisho kabisa chini, mguu wa kushoto. Ilinianzia kazini, usiku, baada ya miaka mingi ya kugeuza wagonjwa wenye kilo mara mbili yangu. Wiki mbili za kwanza nililala kifudifudi na kulia. Lakini kila nilipoamka nilitembea, dakika 5, mara 6 au 7 kwa siku, ndani ya korido. Kukaa kwenye kiti kuliniuma kuliko kutembea, basi nikawa nakula nimesimama kama askari. Wiki ya 6 maumivu ya kwenye unyayo yalipanda yakaishia kwenye goti, baadaye kwenye kalio. Sisi tunafurahi tukiona hivyo, maumivu yanaporudi juu ni dalili nzuri. Kisha mtaalamu wa fiziotherapia akanichukua. Tumbo, makalio, mapaja, kila siku, mazoezi ya kuchosha yasiyo na hadithi. Mwezi wa 5 nikarudi zamu zote, na sasa mgonjwa mzito ananyanyuliwa kwa mashine, siku hizi mimi na mashine hatuachani.

Theluji ilisubiri miezi 14. Kwa nini sikuiacha kabisa? Wadau, msiojua majira ya baridi ya huku hamjui. Jioni giza linaingia mapema, miezi minne. Nilipofika mara ya kwanza baridi ilinikalia moyoni, nikawa naogopa Novemba kama mtu anavyoogopa deni. Aliyenitoa huko ni nesi mwenzangu Mmarekani aliyenipeleka kilimani na ski za mtumba. Tangu hapo nina sababu ya kuungoja Januari. Kumwambia mtu aache kinachomweka hai kwa ajili ya kulinda diski ni kurudi kule kule kwenye kitanda cha karne ya 19, tofauti ni kwamba hiki hakina shuka.

Lakini nilirudi kwa mpangilio. Ski inaukunja mgongo na kuuzungusha kwa pamoja, na kuanguka kupo. Hivyo kabla ya kugusa theluji, mtaalamu alinitaka nitembee kwa kasi dakika 40 bila maumivu ya mguu, nisimame kwa mguu mmoja na kuchuchumaa, nishuke ngazi haraka bila kushika ukuta. Siku ya kwanza saa moja tu, kwenye mteremko wa watoto. Wiki iliyofuata saa moja na nusu. Vifungio vikalegezwa ili ski ichomoke haraka nikianguka. Hivyo navyo tunavipata kwa mtu aliyeumia. Hjalmar Hvam, Mnorwe aliyehamia Oregon, alivunjika mguu mwaka 1937, na akiwa hospitalini ndipo akapata wazo la kifungio kinachojifungua chenyewe. Naona kwenye mchezo huu kila aliyeumia ameacha kitu kwa wanaokuja nyuma.

Na msiogope huo "mlima" wangu. Unaitwa Wachusett, kilele chake ni futi 2,006, yaani mita 611. Mji wa Moshi wenyewe uko juu zaidi ya hapo! Mtu ukinywa chai pale stendi umeshaupita mlima wangu wote.

Wala msiseme ski si mambo yetu. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walifika kilele cha Kibo, na wanakumbukwa kwa kutumia ski kwenye theluji yetu. Barafu moja ya kule juu ina jina la Furtwängler mpaka leo, ingawa imebaki kidogo sana. Na jirani zetu Wakenya walimtoa Philip Boit, mkimbiaji wa Eldoret, akashindana Nagano, Japani, mwaka 1998 kwenye mbio za ski za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho. Bingwa, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye mstari wa mwisho akamkumbatia. Boit akarudi nyumbani, mwanawe akamwita Dæhlie.

Turudi kwa kaka. Nimemhoji kwa simu karibu saa nzima. Haja ndogo na kubwa anazimudu vizuri, hana ganzi sehemu za siri, unyayo anaunyanyua, hana homa, hajakonda. Na maumivu yake wiki hii yako gotini, hayafiki tena kwenye vidole. Kwa hiyo ombi langu kwa ukoo ni hili.

Aamke. Si kwenda shambani wala kupakia mizigo. Atembee ua mzima mara nyingi kwa siku, dakika chache chache, asikae muda mrefu. Maumivu kidogo wakati wa kutembea hayamaanishi anaharibika. Apelekwe idara ya fiziotherapia pale KCMC, gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na India, na nauli nitatuma mimi. Tumpe wiki 6 hadi 8 zaidi. Zikipita bila nafuu, tuzungumze upasuaji, na tuanze na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, maana upasuaji wa mgongo unafanyika Dar. Na Fuso lisimwite kwanza. Tajiri wake atafute dereva wa muda.

Ila kuna dalili ambazo hazisubiri wiki wala siku. Akishindwa kukojoa au akijikojolea bila kujua, haja kubwa ikimtoka, akipata ganzi kwenye sehemu anayokalia, miguu yote miwili ikiishiwa nguvu, au unyayo ukianza kuburuzika na kuzidi kila siku, hapo ni hospitali usiku huo huo. Hata kama ni kukodi gari, hata kama ni kuuza ng'ombe. Hapo kisu ndiyo dawa, na masaa yanahesabika. Tafadhali mtu aiandike orodha hii aibandike ukutani kwa kaka.

Kihamba kikae. Babu alikipanda kahawa na migomba kwa mgongo wake, hatutakiuza kwa ajili ya kitu ambacho mwili wenyewe huenda uko njiani kukimaliza.

Mama mkubwa, Jumamosi naenda tena kilimani, masaa mawili tu. Nitakupigia nikishuka. Na we kaka, ukisomewa haya usijibu ukiwa umelala. Inuka, zunguka nyumba, ndipo unipigie.

Siku njema wote, na msalimieni kila anayeniulizia.